Droo ya Tatu

Jumatatu ile kosa lilikuwa langu.
Niliwaambia darasa la tatu, choreni nyumba zenu,
nikagawa karatasi, nikageukia dirisha,
mvua ya Cork ikigonga bati la banda la baiskeli
kama mtu anayedai deni.

Wenzake walichora dohani, paka, bembea.
Fiachra Twomey alichora mlango.
Mlango tu, na namba: 214.
Akaifuta. 309.
Akaifuta nayo, mpaka karatasi ikatoboka,
akaniletea lile tundu, akauliza,
"Mwalimu, nichore ya sasa au ya kesho?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu nyekundu.

Mama yake, Noreen, alinieleza baada ya kengele,
amesimama, mkoba begani, kiti hakukitaka:
mwenye nyumba aliuza, kodi zikapaa mji mzima,
baraza la mji likawapa chumba cha hoteli
nyuma ya kituo cha reli, kisha kingine, kisha kingine.
Vitanda viwili, watu wanne, birika moja.
Kupika marufuku. Kukimbia ukumbini marufuku.
Saa mbili usiku mapacha wakilala taa huzimwa,
na Fiachra huingia bafuni na daftari lake,
hutandika taulo ndani ya hodhi la kuogea,
akafanyia hesabu humo, magoti kidevuni,
kama kifaranga aliyeamua kurudi ndani ya yai.

Ndipo nikayaelewa yale madoa ya maji,
yale niliyoyaandikia pembeni: "Usafi!"
Usafi. Mungu anisamehe.

Watu husema mtoto kama huyu apewe moyo.
Moyo anao.
Alichokosa ni meza.
Alichokosa ni mahali pa kuacha kitu
na kurudi akikute.

Nikaikomboa droo ya tatu ya kabati langu
kutoka kwa gundi iliyokauka na mitihani ya mwaka juzi,
nikaandika jina lake kwa wino usiofutika.
Sikumwambia ni msaada. Nilimwambia,
"Ufunguo wake mimi nitaupoteza. Nitunzie."

Siku ya kwanza aliweka kijiko.
Ya pili, soksi moja.
Kisha kadi ya plastiki ya chumba 214,
isiyofungua tena chochote duniani.
Kisha jiwe.
Kisha jino lake, limeviringwa karatasi ya chooni,
kwa maana, alisema, yule anayenunua meno usiku
hawezi kujua tumehamishiwa chumba gani.
Kesho yake alikuta sarafu.
Hakuniuliza, nami sikusema.
(Ufunguo wa pili ninao. Na huo nao ni usiri wa kazi.)

Msidhani baada ya hapo kulikuwa shwari.
Alhamisi moja alimpiga Donncha ngumi ya pua
kwa ajili ya kifutio. Kifutio!
Nilikaa naye sakafuni, chini ya makoti yaliyolowa,
sikuhubiri, sikumshika.
Tulihesabu vifungo vya makoti ya watu.
Kufika thelathini na moja akalia,
kilio kizito cha mtu mzima, bila kufuta kamasi,
na mimi nikaendelea, thelathini na mbili, thelathini na tatu,
ili hesabu isimwache peke yake.

Februari wakahamishiwa Mallow.
Treni, basi, na mwendo wa miguu.
Jumatatu kiti chake kitupu. Jumanne kitupu.
Mwenzangu akaomba droo aweke rangi za maji.
Nikamwambia ina mtu.

Jumatano, saa nne na dakika kumi,
mlango ukafunguka, nywele zikichuruzika.
Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja,
akafungua, akahakiki kwa macho:
kijiko, soksi, kadi, jiwe, sarafu.
Akafunga. Akaketi na koti lake.

"Tumefika wapi?"
Ukurasa wa arobaini na mbili, nikasema.
Kugawanya, na kile kinachobaki.